Vidole Vinne

Kidole gumba cha Kipimo kilipatikana siku ileile, kwenye tuta la mahindi, hatua sita kutoka alipoangukia. Kidole cha shahada hakikupatikana. Jioni yake mdogo wake alikitafuta saa nzima, akipangua majani kwa fimbo, na baadaye hata hilo likahesabiwa dhidi yake. Watu waliuliza: alikuwa akitafuta kidole, au alikuwa akitafuta kitu kingine?

Gobore lilipasuka Jumatatu alfajiri. Nguruwe mwitu watatu walikuwa wameingia shambani kutokea upande wa mto. Kipimo alipiga goti, akalenga, akafyatua, na mtutu ukafunguka ubavuni, palepale mkono wa kushoto ulipoushika. Nguruwe walikimbia wazima. Siku ya Alhamisi hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani, mkono umefungwa bandeji nene kama mzinga wa nyuki, na neno la kwanza alilolisema baada ya kuketi kitandani halikuhusu maumivu.

"Mdeki uko wapi?"

"Mdeki gani?" mkewe aliuliza.

"Wa gobore. Nyumba hii ina mideki mingapi?"

"Upo nyuma ya mlango, ulipouacha."

"Usimpe mtu."

Alipokea maji kwa mkono wa kulia, akanywa, akarudisha kikombe. Vifungo vya shati ilibidi afunguliwe. Mkewe alipokuwa akivifungua, Kipimo aliangalia ukutani kama mtu anayepekuliwa na askari.

Jina la Kipimo alipewa ghalani, alikopima magunia ya nafaka kwa miaka kumi na tisa. Mkulima akimwambia gunia lina kilo mia, humjibu, "Mdomo wako hauna mizani." Nyumbani alikuwa vilevile. Gobore, lile la zamani la kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, alilirithi kwa baba pamoja na shamba, na leseni ilikuwa kwa jina lake. Lakini zamu ya kulinda mahindi aligawana na mdogo wake, siku tatu kwa siku tatu. Baruti ilikuwa haba, kwa hiyo alikataza kulifyatua hewani mwisho wa zamu ili tu kulitoa shehena. Likiwa limeshindiliwa na halikutumika, lilitundikwa hivyohivyo, bila fataki ya kuwashia baruti, likasubiri. Mwenye zamu inayofuata hakutakiwa kumwuliza mwenzake. Alitakiwa kuingiza mdeki.

Mdeki ulikuwa ufito wa mti mgumu, wa kushindilia baruti, wenye kofia ya shaba kwenye ncha. Fundi alikuwa ameuchonga mikato miwili. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki huzama mpaka mkato wa juu. Kukiwa na shehena ndani, husimama kwenye mkato wa chini, vidole vinne kabla. Katika nyumba hiyo mikato ile iliitwa Njaa na Shibe.

"Usimwulize mtu," Kipimo alizoea kusema. "Uliza mdeki. Mdeki hauna ndugu."

Tangu walipogombana kuhusu mpaka wa shamba, miezi miwili nyuma, kanuni hiyo iliwafaa sana ndugu hao wawili. Hawakuwa wakiulizana chochote.

Mdogo wake alikuja jioni ileile ya Alhamisi kutoka machimbo ya mawe, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Aliishi chumba cha ng'ambo ya ua, hatua kumi na mbili, na kwa miaka yote alikuwa akiingia nyumbani kwa kaka yake kama anavyoingia kwake. Leo alipiga hodi.

"Pole, kaka."

"Simama hapohapo."

Alisimama mlangoni. Mke wa Kipimo alikuwa ameshainua kigoda ampe. Aliona jinsi mumewe alivyomtazama, akakirudisha chini.

"Jumapili uliliacha gobore vipi?" Kipimo aliuliza.

"Limeshiba. Shehena yako wewe mwenyewe, ile ya Alhamisi; nilikuona ukiishindilia, hata mdeki sikuuingiza. Siku zote tatu sikuona hata mkia wa nguruwe. Sikufyatua."

"Limeshiba."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi nimeingiza mdeki Jumatatu, kabla sijatoka, mbele ya huyu." Alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Ulizama hadi Njaa. Wewe, mama, ulizama au haukuzama?"

"Ulizama," mkewe alisema. Yeye ndiye aliyeshika taa. "Mkato wa Njaa ulikuwa mdomoni kabisa. Labda pungufu ya unene wa ukucha."

"Umesikia? Basi mwongo ni mmoja, wewe au mdeki. Na mdeki haufanyi kazi machimboni."

Mdogo wake alijifuta uso kwa mkono, vumbi likageuka tope. "Machimbo yameingiaje hapa?"

"Kule mawe mnayapasua kwa nini? Kwa dua?"

"Kaka, baruti ya mwamba iko kwa msimamizi, chini ya kufuli mbili. Mimi nabeba nyundo."

"Nilishindilia baruti kipembe kimoja. Kimoja! Kilekile cha miaka yote, na marisau kipembe kilekile. Kipembe kimoja hakipasui chuma. Kwa hiyo kilichokuwa kwenye kopo langu hakikuwa baruti yangu."

"Unasema nilitaka kukuua."

"Mimi sijasema. Mtutu umesema."

Mdogo wake alimgeukia mwanamke. "Na wewe, shemeji?"

"Mimi nilishika taa tu, shemeji," alisema, na macho yake yakabaki kwenye kigoda.

"Afisa wa leseni anakuja Jumatatu," Kipimo alisema. "Hayo ya kufuli mbili utamweleza yeye."

Ijumaa habari ilikuwa imefika bombani kabla ya ndoo. Muuza mkaa, jirani wa ukuta mmoja, alimsogelea mke wa Kipimo kwenye foleni akiwa amejitwisha ndoo tupu.

"Nasikia shemeji yako kauza baiskeli."

"Ameiuza. Ndiyo iliyolipa hospitali."

"Kaombwa, au kajitolea?"

"Kajitolea."

"Haya." Muuza mkaa alishusha ndoo, akaiweka kwenye mstari. "Mimi sina elimu, dada. Lakini mtu asiye na deni nimewahi kumwona akikimbilia kulipa? Kikulacho ki nguoni mwako. Chota wewe kwanza, una mgonjwa."

Watu wa mbele walimpisha. Hakuwahi kupishwa kwenye foleni ile, na hakupenda jinsi walivyomtazama alipokuwa akichota, kama mtu ambaye nyumba yake imewekwa alama. Njiani alikumbuka kwamba siku ya Jumatatu shemeji yake ndiye aliyembeba Kipimo mgongoni hadi barabarani. Kisha akakumbuka kwamba alifika shambani upesi mno. Alikuwa wapi alfajiri hiyo, hata akafika upesi hivyo? Swali lilikuwa na jibu, kwa kuwa alikuwa akienda kazini na njia ya machimbo hupita kando ya shamba. Lakini jibu halikuliondoa swali.

Jumamosi aliweka vipande vya gobore kwenye gunia pamoja na kopo la baruti, akaenda kwa fundi. Fundi huyo alitengeneza kufuli, majembe, sufuria zilizotoboka, na magobore manne yenye leseni. Alipoona gunia hakulipokea.

"Umekuja kunifunga, mama?"

"Nimekuja kuuliza."

"Wote huja kuuliza. Halafu huja askari kuuliza vilevile." Hata hivyo alifuta meza. Aliulaza mtutu, akapitisha kidole kwenye jeraha lake. Kisha alilaza mkono wake kwenye chuma, vidole vinne kutoka nyuma ya mtutu, akaweka na mkono wa pili mbele yake.

"Shehena moja na vizibo vyake hula vidole vinne. Hapa. Palipopasuka ni huku, mwisho wa vidole nane. Na pamevimba kwanza ndipo pakapasuka, unaona huu mduara? Gobore hili lilikula mara mbili."

"Au baruti ilibadilishwa."

"Nani kasema?"

"Watu."

Fundi alichota chembe chache kutoka kwenye kopo, akazimwaga kwenye koleo, akasogeza kijinga cha moto kwa mkono ulionyooka. Ziliwaka kwa uvivu, moshi mweupe, harufu ya yai bovu.

"Hii ni ileile niliyomuuzia. Ingekuwa ya mwamba, saa hizi ningekuwa sina nyusi."

"Mume wangu aliingiza mdeki. Nimeona kwa macho yangu. Gobore lilikuwa na njaa."

"Uko wapi huo mdeki?"

"Nyumbani."

"Jumatatu uwepo mezani. Nitakuja mwenyewe, jina langu limo kwenye leseni ile, na mimi sifungwi kwa ajili ya ufito." Alirudisha vipande guniani, akalifunga yeye mwenyewe kwa mafundo mawili. "Karatasi niliyompa ya kanuni za kushindilia, bado anayo?"

"Ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake."

"Umeisoma?"

"Sanduku ni lake."

Fundi alisema, "Haya," kwa sauti ambayo mwanamke hakuipenda. Alirudi nyumbani akihesabu. Shemeji alisema limeshiba. Mdeki ulisema lina njaa. Fundi alisema lilikula mara mbili. Maneno matatu, na hayakuweza kukaa nyumba moja. Fundi anajitetea, aliwaza, kila fundi hutetea kazi yake. Lakini baruti aliiona ikiungua.

Alipomweleza mumewe, Kipimo hakubisha. Hilo ndilo lililomshangaza. Mtu aliyeweza kubishana robo saa juu ya uzito wa gunia tupu alinyamaza, akageukia ukuta, akasema anaumwa.

Jumapili asubuhi akamwita.

"Ule mdeki, upasue uwe kuni."

"Fundi anautaka kesho."

"Fundi ana lake. Gobore limekufa, mdeki wa nini? Tutashindilia ugomvi?" Alijaribu kucheka. "Na ile karatasi kwenye sanduku, ibandue. Naiona vibaya."

"Inakuuma macho?"

"Nimekwambia ibandue, mke wangu."

Alichukua kitambaa na bakuli la maji, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kipembe, ncha ya pembe iliyokatwa kuwa kikombe kidogo, na mfuko wa marisau, na vizibo vilivyokatwa kwenye blanketi kuukuu, vyote duara moja, kana kwamba vimechapwa na mashine. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa fundi, herufi kubwa. Aliilowesha kwa juu, na wakati maji yakipenya akaisoma, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

*Moja. Baruti kipembe kimoja.*

*Mbili. Kizibo kinene, ushindilie hadi mdeki uruke.*

*Tatu. Marisau kipembe kilekile, si zaidi.*

*Nne. Kizibo chembamba juu.*

*Tano. Mdeki ukipasuka au kukatwa, mikato yake haina kazi tena. Uletwe kwa fundi.*

Aliusoma mstari wa tano mara mbili. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akautoa mdeki, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Haukuwa na kasoro yoyote. Umenyooka, laini, kofia ya shaba mahali pake. Isipokuwa misumari miwili midogo iliyoshika kofia ilikuwa inang'aa, na mbao iliyoizunguka ilikuwa nyeupe, haijashikwashikwa, ilhali ufito wote uliobaki ulikuwa mweusi kwa jasho la mikono ya watu wawili.

Huko uani kuku walikuwa wakielekea jikoni. Alitoka kuwafukuza, akauvuta mlango wa jiko, akakishika kile kijiti cha kukomea ili akisukume kwenye pete zake. Mkono wake ukasimama.

Kwa muda wa miezi alimsumbua mumewe kuhusu mlango ule. Ijumaa, si Ijumaa iliyopita bali ya kabla yake, asubuhi, alimkuta ameketi kizingitini na kisu, na yeye bila hata kuinua uso akamrushia kijiti. "Chukua. Umenisumbua mno na mlango wako." Kijiti cheusi, kizito, kilichopasuka kidogo upande mmoja na kukatwa vizuri kwa mshazari upande wa pili. Kilienea kwenye pete kana kwamba kilipimiwa. Alifurahi siku nzima.

Alikilaza kiganjani, akaweka vidole vya mkono wa pili juu yake. Vinne. Havikubaki wala havikupungua.

Alikisukuma kwenye pete, akaufunga mlango wa jiko, akaketi chini nje yake. Jambo lenyewe sasa lilikuwa rahisi kama kujumlisha. Alhamisi mume alishindilia, ncha ikapasuka. Ijumaa aliikata na kurudisha kofia, na jioni akamwachia mdogo wake gobore lililoshiba. Mdogo mtu hakulifyatua. Jumatatu, mdeki uliopungua vidole vinne ulizama ndani ya mtutu ulioshiba na kusimama kwenye mkato wa Njaa. Mume akashindilia tena. Hapakuwa na baruti ya mwamba wala mtu mbaya.

Kilichobaki ni swali moja tu: amesahau, au anajua?

Alipasua kuni nyingine, kuni za kawaida, kwa kelele za kutosha. Aliuficha mdeki chini ya turubai la mahindi. Aliporudi ndani Kipimo alikuwa macho.

"Umeupasua?"

"Nimeupasua."

"Wote?"

"Wote."

"Na kofia ya shaba?"

"Imo jivuni."

Kipimo alifumba macho, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Mkewe alisimama pale na bakuli la maji machafu mkononi. Jibu lake alikuwa amelipata.

Afisa wa leseni alifika Jumatatu saa nne, na faili la kijani na kalamu mbili. Walimpa meza na kiti chenye mgongo mzuri. Fundi aliketi kwenye benchi. Kipimo aliletwa, akaegemezwa kwenye mto. Mdogo wake alikuja kwa miguu, shati jeupe lililopigwa pasi, jasho limeshalilowesha mgongoni. Hakuna aliyemwambia aketi.

"Wewe ndiye wa machimbo?" afisa aliuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Gobore ulikuwa nalo siku tatu?"

"Ndiyo, bwana."

"Na majirani wanasema hawakusikia mlio siku hizo. Na mwenye leseni anasema mdeki ulionyesha mtutu mtupu. Sasa shehena ilikwenda wapi? Iliota miguu?"

"Ilikuwamo."

"Ilikuwamo na haikuwamo." Afisa aliandika. "Nimeambiwa ndugu mna kesi ya mpaka."

"Si kesi. Ni maneno."

"Kesi zote huanza kwa maneno. Haya, ni hivi: ninaandika kwamba mwenye leseni na mkewe walishuhudia mtutu mtupu, na wewe unakana. Utaweka sahihi hapa kwamba ulikuwa nalo. Faili litakwenda polisi, wao wana muda wa kukuuliza vizuri. Unajua kuandika?"

"Najua."

"Afisa," fundi alisema. "Kabla ya kalamu, mdeki uko wapi?"

Watu wote walimtazama Kipimo. Kipimo akahema, akainua ule mkono wa bandeji kidogo kama anayeomba radhi.

"Umechomwa. Mke wangu kauweka motoni jana, masikini, hakujua. Unawajua wanawake, afisa. Kwao kila kilichonyooka ni kuni."

Afisa alicheka. Hata fundi nusura acheke. Mwanamke aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye alikuwa amelala usiku mzima bila kuamua, aliangalia mto aliokuwa ameuweka mwenyewe nyuma ya mgongo wa mumewe, kisha akatoka nje. Walimsikia akivuka ua. Walisikia mlango wa jiko ukigonga ukuta, na kuku wakiingia kwa makelele.

Aliporudi alikuwa na ufito mkono mmoja na kijiti mkono wa pili. Aliviweka mezani, juu ya faili.

"Hii ni nini?" afisa aliuliza.

"Huo ndio mdeki. Na hiki ni kijiti changu cha mlango wa jiko."

Fundi aliinuka kutoka kwenye benchi, akatoa koleo dogo mfukoni, akang'oa misumari miwili iliyong'aa, akaivua kofia ya shaba. Mshazari wa ufito na mshazari wa kijiti vilikutana kama midomo miwili. Hata mshipa wa mti uliendelea kutoka huku hadi kule.

"Mti mmoja," fundi alisema. Akavitenganisha, akauchukua mtutu uliopasuka, akauingiza mdeki mfupi taratibu hadi ulipogota. "Mtutu huu sasa ni mtupu, afisa. Tundu unaliona hata kwa jicho moja. Niambie mkato wa Njaa uko wapi."

Afisa aliinama. "Siuoni."

"Umezama ndani, vidole vinne. Mdeki huu hauwezi kusema kweli. Mtutu ukishiba, mdeki unasema una njaa; mtutu ukiwa na njaa, mkato unapotea kabisa."

Afisa aliweka kofia ya kalamu. "Nani aliukata?"

Kuku mmoja aliingia ndani, akatazama watu, akatoka.

"Ncha ilipasuka," Kipimo alisema hatimaye. "Nilikata palipopasuka tu. Nikarudisha kofia. Ulionekana mzuri."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Kabla ya kumpa mdogo wako gobore?"

"Asubuhi yake."

"Na kanuni ya fundi ulikuwa umeisoma?"

"Naijua kwa moyo."

"Sasa mbona—"

"Nilisahau! Ufito ni ufito, nani anakumbuka ufito?"

"Ulikumbuka lini?" Swali hilo halikutoka kwa afisa. Mdogo wake alikuwa ameuliza, kwa sauti ya chini.

Kipimo alimtazama mkewe, labda akitafuta msaada, lakini mkewe alikuwa akiangalia uani.

"Hospitali," alisema. "Siku ya pili."

"Siku ya pili ni Jumanne. Alhamisi nilisimama pale mlangoni na vumbi langu. Ulikuwa unajua."

"Ningesemaje? Mimi napima magunia ya watu. Wakisikia Kipimo kajipima vibaya mwenyewe, nani atakubali mizani yangu? Ghalani wanafukuza mtu kwa kilo mbili, mdogo wangu. Kwa kilo mbili."

"Na polisi wangenipa kilo ngapi?"

Afisa alichora mstari mrefu kwenye karatasi aliyokuwa ameiandika, kona hadi kona, akaanza nyingine. Leseni ilifutwa palepale. Vipande vya gobore, mdeki na kijiti vilikuwa ushahidi, alisema, na vikatiwa guniani. Mke wa Kipimo aliweka sahihi kuthibitisha kwamba kijiti kilikuwa chake.

Mdogo wake alimfuata hadi uani alipokuwa akiwafukuza kuku jikoni.

"Shemeji. Wewe ulijua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Adhuhuri."

Alifikiri kidogo. Midomo yake ilitikisika kama mtu anayehesabu saa, kutoka adhuhuri hadi saa nne ya leo: usiku wote ambao alikuwa ameutumia kupiga pasi shati, kuandika barua kwa watu ambao wangepokea vitu vyake, na kutolala.

"Chumba changu kiko hatua kumi na mbili," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Ahsante hata hivyo."

Jioni alibeba godoro lake kichwani kwenda machimboni, walikokuwa wakipangisha vibanda. Hakuuliza habari ya mpaka, na hakuja tena kuuliza.

Nguruwe walirudi baada ya siku chache. Walikula mahindi ya upande wa kaka na ya upande wa mdogo bila kubagua. Ghalani Kipimo hakufukuzwa. Walimwondoa tu kwenye mizani na kumweka mlangoni, kuandika namba za magari, na wakulima waliopita walimwamkia kwa adabu kubwa kuliko ya zamani.

Bandeji ilifunguliwa wiki ya tano. Mkono uliotoka ulikuwa mwembamba na mweupe, ngozi mpya imebana pale palipokuwa na vidole viwili. Kipimo aliukunjakunja, akaona unashika, na siku hiyohiyo, bila kuombwa, alitafuta kipande cha mti mgumu akaketi nacho kizingitini. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa mwezi mzima.

"Kile cha kwanza kilikuwa na urefu gani?" aliuliza.

"Vidole vinne," mkewe alisema kutoka ndani.

Kisu kilikuwa mkono wa kulia, kama zamani, kwa hiyo aliulaza wa kushoto juu ya mti, kama zamani, akaweka alama pembeni mwa mkono, akakata. Alikichonga vizuri, akakipiga msasa kwa jiwe, akaenda nacho jikoni. Kijiti kilipita pete ya kwanza, hakikufika ya pili, kikadondoka.

Alikiokota, akakijaribu tena. Kikadondoka tena. Alisimama akikitazama, kisha akatazama mkono wa kushoto aliopimia, akahesabu kwa macho vidole vilivyobaki, na uso wake ukageuka kuelekea uani, ng'ambo, kwenye chumba kilichokuwa na kufuli nje.

Mkewe alikuja, akakitwaa kijiti mkononi mwake, akakirusha kwenye kuni. Kisha akaurudisha mlango, akaufunga kwa kamba.